Mabua nimeyaacha shambani, mbona mahindi yamegeuka manjano?

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Huu ni msimu wa pili sitifui shamba langu la mahindi. Nachana mistari ya kupandia tu, na mabua ya msimu uliopita nayaacha yote juu ya udongo, kwa sababu nilifundishwa kwamba nikifanya hivyo mahitaji ya mbolea yatapungua. Kiasi cha mbolea sijakibadilisha: kwa hekta moja naweka kilo 100 za DAP, mbolea yenye naitrojeni na fosforasi, wakati wa kupanda, na kilo 100 za urea mahindi yakifika magotini. Urea naimwaga kandokando ya mistari. Zamani nilikuwa navuna kama tani 4 kwa hekta. Sasa mahindi yakifikisha majani matano au sita yanaanza kugeuka manjano kuanzia chini, na mavuno yameshuka. Jirani yangu anapiga plau na kuchoma mabua, na kwa mbolea ileile mahindi yake ni kijani kibichi. Je, nilidanganywa? Nirudi kwenye plau?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Usirudi kwenye plau, angalau si kwa sababu hii. Hukudanganywa, ila uliambiwa mwisho wa habari kabla ya mwanzo wake. Mahitaji ya mbolea katika shamba lisilotifuliwa hupungua baada ya miaka. Mwanzoni hupanda, hasa ya naitrojeni, na hata pale ambapo kiasi hakihitaji kubadilika, mahali pa kuiweka mbolea na siku ya kuiweka lazima vibadilike. Wewe umebadilisha namna ya kuutunza udongo, lakini mbolea umeiacha kwenye ratiba ya shamba la plau. Tatizo lako liko hapo, na linarekebishika msimu ujao.

Kabla hatujaenda mbali, hakikisha njano hiyo ni ya nini. Chuma jani la chini lililoanza kuharibika ulitazame vizuri. Upungufu wa naitrojeni huanzia kwenye ncha ya jani na kurudi nyuma kwa kufuata mshipa wa katikati, ukichora umbo la herufi V, huku kingo zikibaki kijani kwa muda. Ukikuta kinyume chake, yaani kingo za majani ya chini zimekauka kama zilizobabuka na katikati bado ni kijani, hiyo ni njaa ya potasiamu. Majani machanga ya juu yakiwa ndiyo yaliyopauka, fikiria salfa. Yakiwa na michirizi mipana myeupe pande mbili za mshipa wa katikati, fikiria zinki. Kwa maelezo yako, kwamba manjano yanaanza chini katika hatua ya majani matano au sita, dalili zote zinaelekea kwenye naitrojeni. Hata hivyo nenda ukalione umbo la V kwa macho yako, kwa sababu yote ninayokueleza hapa chini yanasimama juu ya hilo.

Mabua ni chakula, lakini kabla hayajawa chakula cha mahindi yako ni chakula cha bakteria na kuvu walio kwenye udongo. Walaji hawa hula kaboni ili wapate nguvu, na huhitaji naitrojeni ili wajenge miili yao. Mlo unaowatosheleza ni ule wenye takriban sehemu 24 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Mabaki ya mikunde kama soya au kunde yanakaribia kiwango hicho. Mabua ya mahindi yako mbali nacho: yana sehemu kama 60 za kaboni kwa moja ya naitrojeni. Mlaji anayepewa chakula cha namna hiyo hutafuta naitrojeni inayokosekana mahali pengine, na mahali penyewe ni kwenye udongo uleule ambamo mahindi yako machanga yameanza kutoa mizizi. Bakteria ni wengi na wanaifikia haraka kuliko mche, kwa hiyo mche ndio unaokosa.

Tupige hesabu, maana bila hesabu jambo hili hubaki maneno. Shamba linalotoa tani 4 za punje huacha karibu tani 4 za mabua makavu. Ndani yake mna kaboni kama kilo 1,700 na naitrojeni kama kilo 28. Tuseme katika msimu wenye joto na mvua, kilo 1,000 za kaboni hiyo zinaliwa. Theluthi hivi, kilo 350, inageuka kuwa miili ya vijidudu, na iliyobaki wanaipumua hewani. Mwili wa kijidudu una sehemu moja ya naitrojeni kwa kila sehemu nane hadi kumi za kaboni, kwa hiyo kujenga miili hiyo kunahitaji kilo 35 hadi 44 za naitrojeni. Mabua yaliyoliwa yamewapa kilo 17 tu. Pengo ni kilo 20 na ushee kwa hekta, na linazibwa kwa mbolea yako.

Naitrojeni hiyo haijapotea. Imefungwa, na vijidudu vikifa inaachiliwa kidogo kidogo. Lakini mahindi hayana subira hiyo. Kuanzia majani sita hadi minane mmea huanza kunyonya naitrojeni kwa kasi, na hadi unapotoa mbelewele na nywele za gunzi unakuwa umeshachukua karibu theluthi mbili ya yote utakayohitaji. Naitrojeni inayofunguliwa baada ya hapo inawahi punje kwa sehemu ndogo tu. Nyingine inabaki kwa msimu unaofuata, au inachukuliwa na mvua.

Nimewahi kuwasikia watu wakisema kwamba basi dawa ni kuyafukia mabua. Sivyo. Bua lililofukiwa linagusana na udongo kila upande, lina unyevu muda wote, na linashambuliwa lote kwa mkupuo, kwa hiyo ufungaji wa naitrojeni unakuwa mkali zaidi katika wiki zilezile ambazo mche ni mdogo. Anayetaka kufukia afanye hivyo wiki sita hadi nane kabla ya kupanda, na udongo uwe na unyevu, ili ile njaa ya kwanza ipite kabla mbegu haijaingia. Bua lililolala juu huliwa taratibu kutoka upande wa chini unaogusa udongo. Njaa yake ni ndogo kwa siku lakini inadumu muda mrefu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njaa iliyo rahisi kuihudumia, mradi mkulima ajue ipo na apange mbolea yake akiijua.

Chanzo cha pili cha manjano yako umekitaja mwenyewe bila kukusudia: urea unaimwaga. Kwenye shamba la plau, kumwaga urea juu ya ardhi ni hasara. Kwenye mabua ni hasara kubwa zaidi. Urea haimfai mmea kikamilifu mpaka ivunjwe, na anayeivunja ni kimeng'enya kiitwacho yurease. Kimeng'enya hiki kimejaa kwenye mabaki ya mimea, zaidi kuliko kwenye udongo mtupu. Punje ya urea ikitua kwenye bua lenye umande, huvunjwa ndani ya siku chache na kuwa amonia, na kwa kuwa hapo haina udongo wa kuishika, amonia inaruka hewani kama gesi. Joto, upepo na manyunyu ya kulowesha bila kupenya huongeza hasara. Katika hali mbaya theluthi ya naitrojeni ya urea huondoka hivyo, pengine zaidi. Mvua ya milimita 10 hadi 15 ikinyesha mara baada ya kumwaga huizamisha na kuiokoa, lakini kilimo cha kuomba mvua inyeshe siku ya mbolea si kilimo cha kukitegemea.

Sasa jumlisha. DAP yako ya kilo 100 ina naitrojeni kilo 18. Urea ya kilo 100 ina kilo 46. Jumla 64. Ondoa kilo 20 na ushee zilizofungwa na vijidudu, kisha ondoa kilo 15 zilizopeperuka. Zaidi ya nusu ya naitrojeni uliyoiweka haikuwafikia mahindi kwa wakati. Manjano uliyoyaona yalikuwa yanakuambia hivyo.

Na jirani je? Kwa nini ya kwake ni kijani? Plau haiongezi chakula kwenye udongo, inakifungulia kilichomo. Udongo una mboji, yaani mabaki ya mimea yaliyokwisha kuoza, iliyojificha ndani ya vidonge vyake, mahali ambapo hewa na bakteria hawafiki kwa urahisi. Plau inavunja vidonge hivyo, inaingiza hewa, inapasha udongo joto, na bakteria wanaila mboji hiyo na kuachilia naitrojeni. Udongo wa hekta moja hadi sentimita 20 kwenda chini una uzito wa karibu kilo milioni 2.6. Ukiwa na mboji asilimia 2, na mboji ikiwa na naitrojeni asilimia 5, humo mna kilo 2,600 za naitrojeni. Ikifunguliwa asilimia 2 kwa mwaka, mahindi yanapata kilo 52. Plau ikiisukuma hadi asilimia 3, yanapata kilo 78. Zile kilo 26 za ziada ndizo unazoziona kwenye majani ya jirani kila asubuhi ukipita.

Lakini zinatoka kwenye akiba, na hairudishi. Mabua anayachoma, na moto unapeleka hewani karibu naitrojeni yote ya mabua, kilo 28 katika mfano wetu, pamoja na sehemu kubwa ya salfa. Potasiamu hubaki kwenye majivu, nayo husubiri upepo na maji ya mvua ya kwanza. Udongo wake uliobaki mtupu ukiwa kwenye mteremko unachukuliwa na maji: kila milimita moja ya udongo wa juu inayoondoka kwenye hekta inaondoka na kilo 13 za naitrojeni kwa hesabu ileile, mbali na fosforasi. Mwaka hadi mwaka, ile asilimia 2 inashuka. Siku moja naye atalazimika kuongeza mbolea ili apate mavuno yaleyale, wala hatajua ni lini hasa mambo yalianza kubadilika. Nakuomba usimhukumu, lakini pia usipime shamba lako kwa rangi ya majani yake ya mwaka huu.

Hali hii imeshuhudiwa kwa miaka mingi. Chuo Kikuu cha Kentucky nchini Marekani kina majaribio ya mahindi mjini Lexington yaliyoanza mwaka 1970, yakilinganisha plau na kutotifua kwa viwango vya naitrojeni vya kilo 0, 84, 168 na 336 kwa hekta. Miaka ya mwanzo, pale ambapo hapakuwekwa naitrojeni au iliwekwa kidogo, mahindi yasiyotifuliwa yalibaki nyuma ya yale ya plau. Palipowekwa ya kutosha, yalilingana nayo au kuyapita. Miaka ilipoendelea na mboji ikajengeka upande usiotifuliwa, pengo lile la mwanzo likafifia. Wewe uko mwaka wa pili, kwa mbolea kidogo. Umesimama mahali palepale ambapo Lexington walikuwa nyuma.

Kuna jambo jingine ambalo nalisisitiza kwa kila mkulima anayeacha plau: usiache kutifua halafu ukatoa mabua. Kituo cha utafiti wa mahindi na ngano cha CIMMYT kina majaribio ya muda mrefu huko El Batán, Meksiko, tangu 1991. Mashamba yasiyotifuliwa na yaliyoondolewa mabaki ndiyo yaliyotoa mavuno duni, chini hata ya yale yaliyotifuliwa. Udongo usiotifuliwa na usiofunikwa hugandamana juu, maji hukimbia badala ya kuingia, na mbolea huenda nayo. Kutotifua bila mabaki hakuleti faida za kutotifua.

Pamoja na hayo, mboji haijengwi kwa mabua peke yake, na wanaohubiri kilimo hifadhi mara nyingi hulipita jambo hili. Mboji iliyokomaa ina sehemu kama 12 za kaboni kwa moja ya naitrojeni. Ili udongo wako uweke akiba ya tani moja ya kaboni, lazima uweke pamoja nayo karibu kilo 83 za naitrojeni, na bado hujagusa fosforasi na salfa. Kaboni inatoka hewani bure kupitia majani ya mmea. Naitrojeni lazima itoke kwenye mbolea, samadi au mikunde. Shamba lenye njaa hutoa mabua machache, na mabua machache hayafuniki udongo wala hayajengi mboji. Kwa sababu hiyo mwaka 2014 kundi la watafiti likiongozwa na Bernard Vanlauwe lilipendekeza kwamba kwenye mashamba ya wakulima wadogo wa Afrika kusini mwa Sahara, kanuni tatu za kilimo hifadhi, yaani kutosumbua udongo, kuufunika na kubadilisha mazao, ziongezewe ya nne: matumizi sahihi ya mbolea. Naafikiana nao kabisa, na nadhani inahusu mashamba yenye rutuba hafifu popote yalipo.

Potasiamu ni habari njema kwako. Tani 4 za punje zinaondoka shambani na kilo 14 hivi za potasiamu. Tani 4 za mabua zina kilo 50 hadi 60. Anayevuna punje peke yake anaondoa kilo 14. Anayebeba na mabua anaondoa mara tano ya hizo. Tena potasiamu haijashikwa ndani ya nyuzi za bua. Mvua ikilipiga bua lililokauka inaitoa na kuirudisha kwenye udongo, bila kusubiri bua lioze. Kwa hiyo upande wa potasiamu mabua yanakupunguzia mahitaji tangu msimu wa kwanza. Kuzifidia kilo 56 kwa mbolea ya kloridi ya potasiamu kungehitaji zaidi ya kilo 110 za mbolea hiyo kwa hekta. Ukishawishiwa kuyatoa mabua yote, kumbuka kiasi hicho. Kama una mifugo, chukua sehemu na urudishe samadi pamoja na matandiko yaliyolowa mkojo, kwa sababu potasiamu nyingi ya mnyama hutokea kwenye mkojo, si kwenye kinyesi.

Fosforasi ina tabia nyingine. Haitembei kwenye udongo. Unapoiweka ndipo inapokaa. Plau huichanganya, wewe huichanganyi tena, kwa hiyo miaka inavyopita itarundikana sentimita chache za juu, na chini yake patabaki maskini. Udongo uliofunikwa na mabua hubaki na unyevu juu, mizizi hupanda huko na kuifuata, kwa hiyo katika mvua za kawaida hutaona shida. Ukame wa wiki mbili ukikausha tabaka lile, mizizi inahamia chini ambako fosforasi ni kidogo. Ndiyo maana DAP yako isimwagwe kamwe. Ifukiwe sentimita 5 pembeni mwa mbegu na sentimita 5 chini yake. Isigusane na mbegu, kwani amonia yake huunguza mche. Kuna na fadhila ambayo plau huivunja kila mwaka bila mtu kuiona: utando wa kuvu wa maikoriza, unaoishi na mizizi na kuiletea fosforasi na zinki kutoka mbali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walionyesha kwamba mahindi machanga kwenye udongo usiosumbuliwa hufyonza fosforasi zaidi kwa sababu utando huo hukuta mizizi ukiwa mzima. Usitarajie uutosheleze mmea peke yake, lakini ni msaada ambao hulipii.

Salfa hufungwa na vijidudu kama naitrojeni inavyofungwa. Ukiona majani ya juu yamepauka, sehemu ya mbolea yako ya kukuzia iwe salfeti ya amonia badala ya urea.

Sasa msimu ujao. Chukulia mbolea yako ya sasa kuwa msingi, ongeza kilo 50 za urea kwa hekta, ambazo zina naitrojeni kilo 23, yaani lile pengo tulilolihesabu. Usizisubirishe mpaka magotini. Zifukie mahindi yakiwa na majani matatu au manne, kwa sababu njaa inaanza mapema. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 25, hekta ina mashina kama 53,000, kwa hiyo kilo 50 ni chini kidogo ya gramu moja kwa shina: kidogo mno kukipima shina kwa shina. Ni rahisi zaidi kuchora mfereji mwembamba wa kina cha sentimita 5 hivi, umbali wa kiganja kutoka kwenye mstari, uimwage humo na kuufunika. Zile kilo 100 za kawaida weka mahindi yakifika majani saba au nane, nazo uzifukie vivyo hivyo. Kama kufukia hakuwezekani, tumia mbolea ya CAN (naitrojeni iliyochanganywa na chokaa) badala ya urea. Ina naitrojeni asilimia 26 au 27 tu, kwa hiyo itahitajika kwa uzito mkubwa zaidi, lakini haipeperuki kama urea ikikaa juu. Wakati wa kupanda, sogeza mabua yaende katikati ya mistari, ukiacha ukanda ulio wazi wa upana wa shubiri moja au moja na nusu. Udongo wa kwenye ukanda utapata joto haraka, mbolea itagusa udongo badala ya mabua, na njaa ya vijidudu itahamia mahali ambapo mizizi michanga haijafika.

Huenda uwezo wa kuongeza mbolea haupo. Basi fukia ileile uliyonayo. Hilo pekee linaweza kuokoa naitrojeni kama kilo 15 kwa hekta. Kisha badilisha zao. Baada ya msimu ulioacha mabua mengi, panda mikunde juu yake: kunde, soya, maharage, au mbaazi kama msimu unaruhusu. Mikunde inajitengenezea naitrojeni yake kutoka hewani, kwa hiyo vijidudu vikiifunga ile ya udongoni, zao halishtuki. Mabua yanaoza wakati mimea inayostawi juu yake haitegemei naitrojeni hiyo, na mahindi ya msimu unaofuata yanakuta mabua yamelainika na mabaki ya mikunde yenye lishe. Kama ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha kukushauri, ningechagua huu mpangilio, mikunde juu ya mabua kisha mahindi juu ya mikunde, kuliko mfuko wowote wa mbolea.

Magugu usiyasahau. Plau ilikuwa inakupalilia bila wewe kuihesabia kazi hiyo. Sasa haipo, na gugu linalokua sambamba na mahindi yenye majani manne linakula ile naitrojeni ya ziada kabla yake. Shamba liwe safi siku unayoweka mbolea.

Utakapopima udongo, usichote sampuli moja ya sentimita 20 kama zamani. Chota ya sentimita 0 hadi 10 peke yake, na ya 10 hadi 20 peke yake. Ya juu itakuonyesha kama fosforasi imerundikana, na kama tindikali imeanza kupanda, maana mbolea za amonia na urea hutia udongo tindikali, na pasipotifuliwa tindikali hiyo hukaa palepale juu. Ikipanda, chokaa huwekwa juu ya udongo, kidogo na mara kwa mara.

Uliuliza pia, kwa namna yako, lini mbolea itapungua kweli. Mara nyingi huchukua miaka mitano hadi kumi, na inategemea mabua mangapi yanabaki, mikunde inaingia mara ngapi, na udongo ulianza ukiwa umechoka kiasi gani. Kumbuka pia kwamba mabua yanahifadhi maji. Maji yakitosha mavuno yanapanda, na mavuno makubwa yanakula zaidi. Unaweza kujikuta unaweka mbolea ileile lakini unapata punje nyingi kwa kila kilo yake. Huko nako ni kupungua kwa mahitaji, ila hakuonekani ukihesabu mifuko tu.

Kwa hiyo usikisie. Kuanzia msimu ujao, tenga mistari sita katikati ya shamba, uweke vigingi, na mistari hiyo usiipe zile kilo 50 za urea za ziada. Mengine yote yawe sawa. Ikifika majani saba itazame ile V. Wakati wa mavuno, acha mistari miwili ya pembeni, vuna minne ya ndani, vuna na mistari minne mingine ya urefu uleule penye mbolea ya ziada, kausha punje za pande zote mbili kwa kiwango kimoja, kisha uzipime kwenye mizani. Mwaka wa kwanza nategemea utaona tofauti kubwa. Uzito wa pande mbili ukilingana misimu miwili ya mahindi mfululizo, ondoa kilo 50 hizo za urea shamba zima, kisha anza jaribio jipya: mistari sita mingine, na safari hii uipunguzie kilo 20 za urea kutoka kwenye zile 100 za msingi.